Cherehani ya ngozi ya mtumba: nenda kwa muuzaji na ngozi yako mfukoni

Cherehani yangu ya kwanza ya umeme niliipenda kwa rangi. Ilikuwa imepakwa kijani mbichi, inang'aa kama pikipiki iliyotoka dukani jana, na muuzaji kule Kampala akaniapia: "Hii ni ya ngozi, mzee. Inashona hata tairi." Akachukua kipande cha jinzi, akakikunja mara nne, akakanyaga. Mshono ukatoka umenyooka kama uzi wa fundi ujenzi. Nikalipa, nikaipakia kwenye basi hadi Busia, na kesho yake asubuhi nikaweka mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa milimita 4 na bitana yake. Sindano ikazama, ikapanda, ngozi ikabaki palepale. Nikaisaidia kwa kuisukuma na mkono. Ikatembea, lakini nilipoigeuza, meno yalikuwa yameichuna upande wa chini mistari mitupu, kama paka kapita. Nilikuwa nimenunua cherehani ya mashati iliyovalishwa koti jipya.

Nashona mikoba, mikanda na kandambili za ngozi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni. Tangu siku ile nimenunua vichwa vinne vya mtumba (kichwa ni mashine yenyewe, bila meza wala mota) na nimesindikiza vijana wengi kununua vya kwao. Kila mara naanza na swali lilelile, nalo si bei wala jina lililoandikwa ubavuni. Nauliza: hii mashine inavutaje ngozi?

Kinachovuta

Cherehani ya mashati, mfano Juki DDL-8700 ambayo mafundi wa nguo wanayo kila mahali, huvuta kwa meno ya chini peke yake. Imeundwa iende mbio, hadi mishono 5,500 kwa dakika. Kwa kitambaa haina mpinzani. Kwa ngozi, meno huivuta safu ya chini huku mguu ukiizuia ya juu, kwa sababu ngozi hunata kwenye chuma. Ukifika mwisho wa mkoba, upande mmoja umezidi mwenzake kwa nusu kidole, na hapo umeshatoboa. Kitambaa ukikifumua, tundu hujifunga. Ngozi haisahau tundu.

Kuna aina ya katikati, ambayo sindano hutembea pamoja na meno. Hiyo inafaa ngozi laini ya jaketi au pochi, lakini usiifanye mashine yako ya pekee.

Unayoitafuta ina miguu miwili, wa ndani na wa nje, na vitu vitatu vinavyotembea kwa pamoja: meno, sindano na mguu wa ndani. Wauzaji wetu huiita "wokingifuti". Sikia jina hilo kwa sikio moja tu, maana zipo mashine zenye miguu miwili ambazo sindano yake haitembei hata kidogo, nazo huuzwa kwa jina hilohilo na bei ileile.

Kwa hiyo jionee mwenyewe. Toa uzi wote. Weka ngozi chini ya mguu, ushushe, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, sehemu yake ya juu ikija upande wako, polepole kama unayehesabu pesa za mtu mwingine. Sindano ikishuka, mguu wa ndani uwe umekanyaga pembeni yake. Sindano ikiwa ndani ya ngozi, yenyewe na mguu wa ndani na meno vinarudi nyuma pamoja, na mguu wa nje uko hewani. Halafu wanapokezana: wa nje anakanyaga na kushika ngozi, wa ndani anainuka na kurudi mbele pamoja na sindano. Ukiona sindano inapanda na kushuka tu kwenye mstari mmoja bila kwenda nyuma, mshukuru muuzaji kwa muda wake uende zako.

Ukikuta mguu mmoja unainuka sana na mwingine kidogo, usiogope. Hilo hurekebishwa kwa skrubu nyuma ya kichwa. Lakini usimwambie muuzaji. Kunja uso, utajua baadaye kwenye bei.

Majina ya kuaminika katika kundi hili nimeyakuta mara nyingi: Juki DNU-1541 na ile ya zamani LU-563, Singer 111W155, Consew 206RB, Pfaff 1245, Adler 167. Viwanda vya China vimeiga maumbo ya hizi kwa majina mengi, na nyingine ni nzuri tu. Herufi kwenye Singer za zamani zinasema kitu: K ni kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980, na W ni Bridgeport, Marekani. Mtu akikuuzia Singer yenye K akakwambia ni ya mwaka 1995, unajua umeketi na nani.

Hizi mashine si za kufanya kila kitu. Kwangu milimita 8 za ngozi zote pamoja ndizo mwisho wa raha. Ukitaka kushona matandiko ya farasi au mikanda minene ya mizigo, unahitaji kundi zito zaidi, kama Juki TSC-441, na hiyo ni pesa nyingine kabisa. Angalia pia umbo la chini. Ya meza bapa inatosha kwa mikanda, pochi na vipande vya mkoba kabla hujaviunganisha. Mkoba uliokwisha kusimama, wenye ubavu, unataka mkono mwembamba kama bomba ili uuvike. Viatu vinataka nguzo iliyosimama. Mimi nilianza na bapa, na bado ndiyo inayonilisha.

Ile ya fundi viatu

Utaulizwa mbona hununui tu ile ya kuzungusha kwa mkono, ya mafundi viatu wa barabarani. Mzee aliyenifundisha kazi kule Mbale alikuwa na Singer 29K, na sijawahi kuona chuma chenye akili kama kile. Mguu wake ndio wenye meno, unavuta kutokea juu, na unageuka pande zote, kwa hiyo unashona kwenda unakotaka bila kugeuza kiatu. Mkono wake mwembamba unaingia mpaka kwenye ncha ya kiatu.

Lakini ni mashine ya kutengeneza kilichoharibika. Bobini yake ndogo inakwisha kabla hujamaliza mikanda michache, uzi mnene inaukataa, na zilizochoka hufupisha mshono: unaweka kipimo cha mwisho, yenyewe inakupa mishono ya punje za mtama. Ukiikuta, shona ukiwa umefungua kipimo chote, upime kwa rula. Kama mishono ni mifupi, vipande vinavyousukuma mguu vimelika, na huko ndiko hasa zinakofia. Inunue iwe ya pili. Ukiwa nayo hutajuta, ila usiifanye ya kwanza kama unataka kupeleka mikoba 50 kwa mteja.

Mfuko wangu wa majaribio

Siendi kuangalia mashine mikono mitupu. Nabeba vipande vitatu vya ngozi ile ninayoshona kila siku, inayotoka viwanda vya Jinja: kimoja chembamba cha bitana, kimoja cha milimita 2, kimoja cha mkanda. Nabeba uzi wangu wa nailoni, namba 40 na namba 20. Nabeba sindano mpya. Rula, karatasi, na simu kwa ajili ya tochi.

Sindano usiichukulie mzaha. Mashine nyingi za kundi hili hutumia DPx17, ambayo kishina chake ni kinene kuliko cha DBx1 za cherehani za mashati, na haziwezi kubadilishana. Kwa uzi namba 40 naweka saizi 18, kwa namba 20 saizi 22. Muuzaji akikushonea kwa sindano iliyopinda na uzi wa polista wa kushonea sketi, amekuonyesha sketi.

Kabla ya kuwasha umeme, shika chuma kinachobeba sindano kwa vidole viwili ukitikise mbele na nyuma, kulia na kushoto. Mashine ya miguu miwili huwa na mchezo kidogo, kwa sababu chuma hicho kinaning'inia kwenye fremu inayotembea. Kidogo, nimesema. Kikigonga kwa sauti, kok kok, bushi zimekwisha. Shika gurudumu, lizungushe nyuma na mbele bila sindano kusogea: ukiona linakwenda urefu wa nusu kidole kabla kitu chochote kujibu, ndani kumelika. Lizungushe mzunguko mzima. Mahali likiwa zito, rudia. Zito palepale kila mara ni uzi ulionasa au chuma kilichopinda.

Sasa fungua kibamba cha pembeni, umulike. Ndoana inayozunguka chini ndiyo moyo. Ncha yake iwe kali na laini, bila kutu, bila kuvunjika. Zungusha polepole: sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, ncha ipite nyuma yake juu kidogo ya tundu la sindano, karibu kuigusa lakini isiiguse. Nafasi ya unene wa karatasi. Ikipita mbali, mashine itaruka mishono. Ikiwa ni marekebisho tu, fundi huyamaliza kwa nusu saa. Ikiwa ncha imelika, ni ndoana mpya, na ndoana ya kweli si rahisi. Juki DNU-1541S ina kinga inayoachia ndoana uzi ukinasa, kisha unairudisha mahali pake bila kumwita fundi. Kama ipo, lipia.

Mulika na bamba la sindano. Tundu lililochanika pembeni, lenye makovu ya sindano zilizovunjika, linasema mashine ilikuwa mikononi mwa mtu wa haraka. Mulika chini ya mkono, kwenye kona zote, utafute mstari wa kulehemu. Chuma cha kutupwa kikishavunjika kikalehemewa, hakinyooki tena sawasawa. Rangi mpya ndiyo inayonifanya nitafute kwa bidii zaidi, na sababu nimekwisha kuieleza.

Halafu karatasi. Bila uzi, weka kipimo cha mshono wa milimita 4, piga mishono kumi mbele kwenye karatasi. Pima: iwe sentimita 4, na matundu yalingane. Sasa bonyeza chuma cha kurudi nyuma, urudi kumi. Sindano iingie kwenye matundu yaleyale au karibu nayo sana. Mashine inayotengeneza mstari wa pili wa matundu wakati wa kurudi itakukatia ngozi pale pale unapofunga mshono, mwanzo na mwisho, mahali mteja anapovuta kwanza.

Ndipo utie uzi wako. Shona safu mbili. Kisha jenga ngazi: ngozi mbili, juu yake ongeza nyingine mbili katikati, ili mashine ipande na kushuka. Hapa ndipo uongo wote huisha. Nzuri inapanda, mishono inafupika kidogo tu kwenye ukingo, inaendelea. Mbovu inasimama ukingoni na kuchimba shimo moja. Geuza ngozi. Fundo la uzi wa juu na wa chini lizame katikati ya unene, lisionekane upande wowote. Likionekana chini, kaza uzi wa juu kidogo, ushone tena. Ikiwa umekaza na kukaza na halibadiliki, sahani za kukazia uzi zimelika au kuna uchafu. Tazama pia alama za meno. Alama hafifu zinafutika kwa kusugua na kidole chenye nta. Zile zinazoonekana kama mhuri, punguza mkandamizo wa mguu kwa skrubu ya juu, ujaribu tena kabla ya kuhukumu.

Iache izunguke dakika 15 bila ngozi, miguu ikiwa imeinuliwa, huku mkizungumza habari za mvua. Kuna wauzaji wanaojaza mafuta mazito ili chuma kisipige kelele. Yakipata joto yanakuwa mepesi, na kelele inarudi. Nimeona mashine iliyokuwa kimya kama paka mwanzoni, baada ya chai ikawa kinu cha mahindi.

Mota

Mimi hununua kichwa. Meza naweza kutengenezewa na seremala kwa siku mbili, na mota naweza kubadilisha. Hata hivyo mota soma kibati chake, usisome uso wa muuzaji. Hapa kwetu umeme wa nyumbani ni volti 240, hezi 50, waya mbili. Mashine zilizotoka viwandani mara nyingi huja na mota ya fezi tatu, kibati kimeandikwa 380 au 415. Nilinunua moja hivyo, kwenye kontena lililopitia Mombasa, bei ikiwa nafuu mno, na ikakaa wiki tatu ikinitazama mpaka nikapata mota nyingine. Zile za Marekani huja na volti 110. Ukiichomeka kwenye Yaka yako, yaani umeme wa mita ya kulipia kabla, utasikia harufu kabla ya kuona moshi.

Mota za zamani za klachi zinazunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata ukiwa unapaka gundi, na mita inahesabu. Mota ya servo inazunguka unapokanyaga tu, na unaipangia mwendo. Kwa ngozi servo ni raha tupu: unashona mshono mmoja, unasimama, unageuza kona. Kama huna pesa yake, badilisha puli. Mota ya klachi inayozunguka mara 1,425 kwa dakika, puli yake ikilingana na gurudumu, inapiga karibu mishono 24 kwa sekunde. Weka puli ya nusu ya ukubwa, inakuwa 12, na mkanda mfupi zaidi. Ukikuta kibati kimeandikwa 2,850, mwendo ni mara mbili ya huo, na hapo vidole vyako vimo hatarini. Puli ndogo pia inaipa sindano nguvu ya kupenya, kwa hiyo unapata mawili kwa bei ya kipande kimoja cha aluminiamu.

Vya kuuliza kabla pesa haijatoka

Spea zake ziko wapi? Pfaff nzuri sana ambayo kisanduku chake cha bobini kinaagizwa kutoka Ujerumani ni sanamu. Mimi huuliza maduka mawili ya Kampala, kisha rafiki anayekwenda Kariokor, Nairobi, kuchukua soli: ndoana ipo? Miguu ipo? Sindano za pakiti zipo? Wote wakisema ndiyo, naendelea. Dai bobini zote alizonazo, kisanduku chake, na mguu wowote wa ziada ulioko kwenye droo. Kwa muuzaji ni takataka. Kwako ni safari ya Kampala uliyoikwepa.

Bei unaijenga kwa kasoro ulizoziona. Hii ninayoitumia sasa iliulizwa shilingi za Uganda milioni 3 na nusu. Haikuwa na kisanduku cha bobini, mota ilikuwa ya fezi tatu, na kurudi nyuma kulikuwa kunapotoka kidogo. Nilizitaja moja moja kwa upole, nikiwa nimeshika vipande vya ngozi vyenye ushahidi, na tukamaliza kwa milioni 2 na laki 8. Usimtukane muuzaji wala mashine yake. Mwonyeshe ngozi.

Ukinunua kwa mtu binafsi, nyumbani kwake, andikianeni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma iandikwe humo. Cherehani huibwa, na polisi wakija kuulizia, karatasi hiyo ndiyo inayokutofautisha na mwizi. Dukani, dai risiti yenye namba hiyohiyo.

Kuifikisha nyumbani

Tenganisha kichwa na meza. Kichwa kina uzito wa zaidi ya kilo 30, na kikiachwa juu ya meza ndani ya lori, bawaba zinakatika kwenye tuta la kwanza. Toa sindano, shusha mguu juu ya kipande cha ngozi, mwaga mafuta kama kina trei. Kifunge kwenye godoro kuukuu au magunia, kikae wima kama kinavyokaa mezani, kisilalie gurudumu. Mpwa wangu aliwahi kuleta kimoja kwa boda kutoka stendi, akakilaza kwa gurudumu kwenye kiti. Mita mia tano tu. Shafti ikapinda, na kila mzunguko ukawa na uzito mahali pamoja, lile jambo nililokwambia ulitafute kwa mkono.

Ukishaifunga mezani, usianze na kazi ya mteja. Safisha vumbi la zamani kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, tia mafuta ya cherehani kwenye kila tundu unaloliona, acha usiku kucha na gazeti chini. Asubuhi gazeti litakuwa jeusi. Futa, tia tena, weka sindano mpya, na ushone mkanda wako mwenyewe kwanza.